MWENYE FRENI ASIMAME KWANZA
Maongezi ya redio juu ya kurudi makwetu na mashamba yetu

  

Leo sitaanza na sheria, ingawa ndiyo niliyosomea. Nitaanza na kinga, yaani baiskeli.

Mwezi wa saba wa mwaka 2015, wakati wa kipwa, tulikuwa vijana wanne, wanafunzi hapa Goma. Mmoja lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kihunde, wa pili Kinande, wa tatu Kinyarwanda, na mimi wazazi wangu walitoka Walikale. Lugha nne za nyumbani, na Kiswahili kimoja cha kutaniana. Tulikuwa na kinga nne, mbili zikiwa za kuazima. Tukapatana tupande mpaka Rutshuru, tulale huko, na kesho yake turudi. Hatukuwa na biashara wala msiba; tulitaka kutembea tu na kuona nchi yetu. Mama yangu alishangaa sana. Aliniuliza: «Mtu anapanda mlima na kinga bila mzigo, anatafuta nini?»

Barabara ile mnaijua. Unatoka mjini, unapita Munigi, Kanyaruchinya na Kibati, halafu unapanda, na unapanda tena, mpaka Kibumba. Mkono wa kushoto una Nyiragongo, mita 3.470, na moshi wake. Mbele yako, upande wa kuume, unauona Mikeno, mita 4.437, kama jino. Kutoka Goma mpaka Kibumba ni zaidi ya kilomita 20, na mpaka Rutshuru ni zaidi ya 70. Mwaka ule volkano ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilikuwa haijakata bado barabara hiyo kwa mawe yake ya moto. Lakini kila kituo tulichopita kilikuwa na jeraha lake. Kibumba palikuwa kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda katika mwaka 1994. Kibumba hiyohiyo ilipigwa na vita katika mwezi wa kumi 2013. Kanyaruchinya palijaa mahema ya watu wetu katika mwaka 2012. Sisi tulipita tukiwa tunaimba, na watu walikuwa wakipalilia maharagi kandokando ya barabara. Vita vilikuwa vimekwisha kwa miaka isiyofika miwili, na ardhi ilikuwa imekwisha anza kulisha watu tena.

Sasa, anayepanda Kibumba hukutana na wale wanaoshuka, nao ni vijana wa chukudu. Ndugu zetu wa mbali wakisikia maongezi haya watauliza: chukudu ni nini? Ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kisicho na pedali wala mnyororo, kilichotengenezwa kwa panga na tezo hapahapa kwetu. Gurudumu ni la mbao, limevikwa kipande cha mpira wa gari. Mwenye chukudu huweka goti moja juu ya ubao, na mguu wa pili unasukuma. Mteremko ukianza, anapanda juu na mzigo wake unamshusha: viazi, mashu, makala, mbao. Mji wa Goma ulimsimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara, na ilistahili, maana bila chukudu akina mama wengi wa soko wangekosa cha kuuza.

Jambo moja nataka mlishike: chukudu haina freni kama za kinga. Ina kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, na kijana anakikanyaga kwa mguu. Mzigo ukiwa mkubwa na mlima ukiwa mkali, mpira ule hupunguza mwendo tu, hausimamishi. Ndiyo sababu watu wa barabara ile wana desturi yao isiyoandikwa. Chukudu yenye mzigo ikishuka, kijana hupiga kelele kutoka mbali, nawe unayesikia unampisha. Hakupishi yeye, kwa sababu hawezi. Unampisha wewe, kwa sababu unaweza.

Siku ya pili tulipokuwa tunarudi, tulipita Kibumba saa nne za asubuhi na kuanza kushuka kuelekea Kibati. Mnajua furaha ya mteremko baada ya kupanda! Mmoja wetu alitutangulia. Mbele yake palikuwa na chukudu yenye mifuko mitatu ya viazi na mashu juu yake. Badala ya kungoja, alitaka kuipita mahali palipokuwa pembamba. Gurudumu lake likagusa lile la chukudu. Wote wawili wakaanguka. Mifuko ikapasuka, viazi vikatiririka barabarani kama maji, na gurudumu la mbele la chukudu likapasuka vipande viwili. Yule kijana wa chukudu akasimama, goti linatoka damu, akaangalia viazi, akaangalia gurudumu, akakaa chini tena. Vile viazi havikuwa vyake. Vilikuwa vya mama mmoja aliyemngojea Goma.

Kwa muda wa dakika chache tulizungukwa na watu zaidi ya 30. Na hapa, ndugu msikilizaji, sikiliza vizuri ulizo la kwanza lililoulizwa. Hakuna aliyeuliza: «Imekuwaje?» Mtu mmoja katika kundi alimwuliza rafiki yetu: «Wewe ni mtoto wa nani? Ninyi ni watu wa wapi?» Mwingine akajibu kabla yake, akataja kabila. Wa tatu akasema: «Ndivyo walivyo.» Nikaona mawe mikononi mwa vijana. Viazi vilikuwa bado vinatiririka, na tayari jambo lilikuwa si viazi tena.

Nitawaambia na kosa langu, maana mwalimu anayeficha kosa lake hafundishi. Mimi niliogopa, na woga wangu ukavaa koti la elimu. Nikaanza kusema kwa Kifaransa kwa sauti kubwa, nikitaja sheria na vifungu, ili watu wajue kwamba sisi ni wasomi na kwamba wakitugusa watajuta. Niliongeza kuni kwenye moto.

Akatokea mzee mmoja mwenye jembe begani. Baadaye tulijua kwamba katika mwaka 2012 alikimbia na wajukuu wake, akalala chini ya hema Kanyaruchinya, halafu Mugunga, akarudi kwake mwisho wa mwaka 2013 na kukuta nyumba haina mlango wala bati. Aliniangalia, akaniambia kwa Kiswahili: «Kijana, maneno yako tutayasikia. Lakini viazi viko chini, na gari linakuja.» Kisha akainama, akaokota kiazi cha kwanza.

Mtu hawezi kushika jiwe na kiazi kwa mkono mmoja. Watoto wakaanza kuokota, akina mama wakafuata, sisi pia. Kwa muda wa nusu saa viazi vilikuwa kandokando ya barabara, vizima upande huu, vilivyopondeka upande ule. Watu walikuwa wamechoka kidogo, na hasira ilikuwa imepoa kidogo.

Ndipo mzee alipokaa juu ya jiwe na kuuliza maulizo mawili tu. La kwanza aliliuliza kwa wote wawili: «Kati yenu, nani alikuwa na freni?» Rafiki yetu alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akajibu: «Mimi.» La pili alimwuliza kijana wa chukudu: «Na wewe, ulipiga kelele?» Kijana akajibu: «Hapana. Nilidhani ananiona.» Mzee akasema: «Basi. Kosa kubwa ni la mwenye freni. Kosa dogo ni la aliyenyamaza.» Hakuuliza kabila la mtu. Halikuhitajiwa.

Wakahesabu. Gurudumu ni bei gani kwa fundi, viazi vilivyopondeka ni kiasi gani, dawa ya goti ni ngapi. Rafiki yetu akapewa kulipa sehemu kubwa, na kijana wa chukudu akakubali kubeba sehemu ndogo. Tulichanga tulichokuwa nacho, hakikutosha. Rafiki yetu akaacha kinga yake kama rehani. Mwalimu wa shule ya pale akaandika karatasi mbili zilizofanana, kila mmoja akatia mkono, mashahidi pia, na kati yao mama mmoja aliyeona mambo yote toka shambani kwake. Baada ya juma moja tulirudi na franka zilizobaki. Kinga ilikuwa imelazwa ndani ya nyumba, imefutwa vumbi.

Nilirudi Goma nikafungua kitabu changu. Katika sheria yetu ya mikataba na madeni, inayotoka mwaka 1888, kifungu cha 258, imeandikwa maana hii: mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, analazimika kuirekebisha. Mimi nilikuwa nimekariri kifungu hicho. Mzee alikuwa amekitenda.

Sasa, ndugu, kwa nini nawasimulia habari ya viazi vya mwaka 2015?

Kwa sababu tangu mwisho wa mwaka 2021 vita vilirudi, na watu wa Rutshuru, wa Nyiragongo na wa Masisi wakashuka tena Goma. Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya zilijaa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 vita vikaingia mjini. Mwezi wa pili kambi zilizozunguka Goma zikavunjwa, na jamaa nyingi zikatakiwa kuondoka kwa muda wa siku chache tu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1998 juu ya watu waliohama ndani ya nchi yao inasema kwamba kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, wa mwaka 2009, unawataka wakubwa wa nchi watengeneze njia nyepesi za kumaliza ugomvi wa mali ya waliorudi. Hayo ni haki yenu, yajueni. Lakini ninyi mnajua jinsi mlivyoondoka, na mnajua mlichokikuta.

Wewe mama, ulifika ukakuta mtu mwingine amepanda maharagi katika shamba lako. Wewe baba, miti ya mpaka uliyoachiwa na babu yako imeng'olewa. Na wewe uliyebaki kijijini, au uliyekimbilia hapo kutoka kijiji kingine, ulipanda kwa sababu watoto wako walikuwa na njaa na shamba lilikuwa limelala. Leo unamwona mwenye shamba anakuja na panga mkononi. Nyote wawili mna watoto. Barabara ni nyembamba, na mnakutana kwenye mteremko.

Ninawaomba mjiulize ulizo la yule mzee: kati yetu, nani ana freni?

Aliyerudi hana. Anashuka na mzigo mzito: watoto, njaa, msimu wa kupanda unaopita. Mwenye freni ni yule anayeshika shamba sasa. Mwenye freni ni yule aliye na jamaa wenye nguvu au wenye silaha. Mwenye freni ni wewe, bwana chefu, uliye na mhuri. Mwenye kuweza kusimama ndiye asimame kwanza. Kama wewe chefu uliwahi kugawa shamba la aliyekimbia, usingoje ugomvi ufike kwako na damu. Mwite mpya na mwite wa zamani kabla ya mvua kunyesha.

Lakini aliyerudi naye ana kazi yake: apige kelele kutoka mbali. Maana yake, usiingie shambani usiku. Usikate mimea ya mwenzako. Mpashe chefu habari, wapashe majirani habari, sema wazi: nimerudi, shamba langu ni lile, nataka tukae. Aliyenyamaza hubeba sehemu ya hasara.

Nikusanye mafundisho ya barabara ile katika mambo manne.

Kwanza, tuokote viazi. Kabla ya kuhukumu, tuokoe kinachoweza kuokolewa. Mazao yaliyo shambani yasing'olewe kwa hasira, maana maharagi yaliyong'olewa hayamlishi aliyepanda wala mwenye shamba. Pataneni, kwa mfano aliyepanda avune msimu huu, au wagawane mavuno, halafu shamba lirudi. Wekeni siku.

Pili, tuulize imekuwaje, tusiulize wewe ni wa nani. Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja na mali ya jamii, iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Haikutaja kabila. Ukisikia mtu katika baraza anajibu jambo la mpaka kwa kutaja kabila, umwambie kwa upole: hapo hatujafika bado, tuko kwenye mpaka.

Tatu, tuhesabu na tuandike. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Hata serikali ilitufundisha jambo hilo kwa ubaya. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema kwamba haki za watu juu ya ardhi za vijiji zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka makumi ikapita bila amri hiyo, na ugomvi ukazaa ugomvi. Basi ninyi msingoje. Fanyeni karatasi mbili zinazofanana: majina, mipaka, mapatano, siku, mikono ya mashahidi wa pande zote. Na kati ya mashahidi wawemo akina mama, kwa sababu wao ndio wanaojua jiwe la mpaka lilikuwa wapi. Wamelipalilia miaka yote. Mjane asifukuzwe katika baraza kwa kusema kwamba shamba lilikuwa la marehemu. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamweka mjane na watoto, wa kiume na wa kike, kati ya warithi.

Nne, tujue mwisho wa baraza. Si kila jambo ni viazi. Aliyeua, aliyebaka, aliyechoma nyumba ya mtu, huyo ana deni kwa mahakama. Sheria mbili za tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya ubakaji zilitungwa ili msichana asilipwe kwa mbuzi mbele ya wazee. Najua kwamba wengi wenu hamwoni mahakama karibu. Hata hivyo chefu asifunge jambo hilo kwa chupa za bia. Aandike, ahifadhi majina, ampeleke aliyeumizwa kwa daktari, na jambo lingoje siku yake. Kungoja si kusamehe.

Mtu ataniambia: «Mwalimu, mzee wako alikuwa na viazi vya mifuko mitatu. Sisi tuna maiti kati yetu.» Nakubali. Sisemi kwamba karatasi mbili zitamaliza vita vya Kivu. Wenye vita ni wakubwa kuliko sisi, na wengine hatujui nyumba zao. Nasema jambo dogo zaidi: siku ile barabarani, vita vilikuwa tayari mikononi mwa vijana wenye mawe, na havikuletwa na mkubwa yeyote. Vililetwa na ulizo baya. Na vilizuiliwa na mzee mmoja aliyeinama kuokota. Sehemu hiyo ya vita ni yetu, na tunaweza kuizuia.

Rafiki zangu watatu wa safari ile tuko hai wote, namshukuru Mungu, ingawa vita vilitutawanya, na mmoja anaishi ng'ambo ya ziwa. Tukisemezana kwa simu, hatuzungumzi juu ya Mikeno wala juu ya mteremko mzuri. Tunaulizana kwa kutaniana: «Leo ulikuwa na freni?» Kila mmoja anajua anaulizwa nini.

Ndugu msikilizaji, nakuachia ulizo hilo. Usilijibu mbele yangu. Ulijibu kesho, ukifika kwenye mpaka wa shamba.

 

Maulizo ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani aliye na freni leo? Anaweza kufanya nini kabla ya msimu wa kupanda?

2. Aliyerudi apige kelele namna gani ili asikike bila kuleta woga? Kwa nani, na mbele ya nani?

3. Shamba limepandwa na mtu mwingine. Tupatane nini juu ya mavuno ya msimu huu?

4. Katika kijiji chetu, karatasi ya pili ya mapatano itahifadhiwa nyumbani kwa nani, ili isipotee tukikimbia tena?